Kiwavi Yule Yule kwa Dakika 23

Kuna picha moja iliyonipatia sifa kuliko zote nilizowahi kupiga. Ndege mdogo wa kahawia katua kwenye kitawi kikavu, mdomoni kabana kiwavi wa kijani anayening'inia pande zote mbili kama masharubu. Jicho lake limeshika mwanga wa asubuhi, na nyuma yake kumetanda kijani laini kisicho na hata jani moja la kuudhi. Watu waliisifu, nami nikavimba kichwa. Maelezo niliyoiandikia yalikuwa mafupi: "Mzazi akiwapelekea makinda chakula."

Miaka mitatu baadaye nilikuwa napunguza mafaili kwenye diski iliyojaa, nikafungua folda ya asubuhi ile. Fremu ya kwanza ilipigwa saa 1:12. Ya mwisho, saa 1:35. Katikati zilikuwepo fremu mia mbili na ushei, na katika zote kiwavi ni yule yule; nilimtambua kwa doa jeusi karibu na kichwa. Mwanzoni alikuwa akijikunja na kujikunjua. Kufikia katikati amelegea kama uzi uliolowa. Ndege naye anahama tawi hili kwenda lile, anainamisha kichwa, ananitazama, anarudi alikotoka. Hakuwa anampelekea mtu chakula. Alikuwa anasubiri niondoke.

Kiota kilikuwa karibu na hakutaka nikione. Kwa dakika 23 makinda walishinda na njaa kwa sababu mimi nilisimama mlangoni kwao na lenzi ndefu, nikiamini nashuhudia malezi. Nilichoshuhudia ni mzazi aliyezuiwa kulea.

Tangu hapo nazitazama kwa jicho jingine picha zinazoitwa za "tabia za asili za ndege", zangu na za wenzangu. Na nimefika mahali ambapo wengi hawatapenda nifike: nyingi kati ya hizo ni picha za ndege wakijibu uwepo wetu. Kitendo ni cha kweli, ndege ni wa porini, hakuna aliyechezea rangi wala kubandika mabawa. Lakini lau mpiga picha asingekuwepo, kitendo kile kisingetokea. Basi neno "asili" linafanya kazi gani pale?

Kamera husema kilichotokea. Kwa nini kimetokea, hapo inanyamaza, na ukimya huo ndio tunaoujaza maneno yetu.

Mchukue kitwitwi, wale ndege wafupi wanaokimbiakimbia mchangani. Msimu wa kutaga anaweza kukutokea mbele akikokota bawa moja kana kwamba limevunjika, mkia ameutandaza chini, analia kilio cha kuomba msaada. Ukimfuata anasogea. Ukisimama anakungoja. Mwenye kamera hawezi kujizuia, na nani atamlaumu? Lakini bawa lile ni zima kabisa. Anakuvuta ili uachane na mayai au makinda waliolala mchangani, pengine hatua tatu kutoka ulipokanyaga. Kila dakika unayoongeza ni dakika ambayo mayai yako juani bila wa kuyafunika. Picha ya namna hiyo nimewahi kuiona imeandikwa "dansi la uchumba", na waliotoa maoni walikuwa wanacheka na kupongeza.

Au bundi. Mchana bundi wengi husinzia, macho yamebaki michirizi miwili. Anayekutumbulia macho ya mviringo saa sita mchana ameamshwa, na mwamshaji ni nani kama si aliyeshika kamera? Baadhi ya bundi wadogo wenye vishungi wakiogopa hujinyoosha wakawa wembamba kama kipande cha gogo, vishungi vimesimama wima. Ni umbo la kupendeza sana kwenye picha. Ni umbo la hofu.

Kuna na hili la kumchezea ndege sauti ya mwenzake kutoka kwenye simu. Dume anayelinda eneo lake akisikia sauti ya dume mwingine hutoka mbio, anatua mahali pa wazi, koo limevimba, mdomo wazi, manyoya yamesimama. Maelezo ya picha yatasema "akiimba alfajiri". Kumbe anagombana na mwizi asiyekuwepo, na muda anaoupoteza pale angeutumia kutafuta chakula au kumlinda jike wake dhidi ya mwizi wa kweli.

Picha inayoniuma zaidi ni ya mzazi aliyesimama juu ya kiota ametandaza mabawa, makinda chini yake, mdomo wazi anahema. Hupendwa sana hii. Watu huiita mapenzi ya mama. Mara nyingine ni hivyo hivyo: jua limekuwa kali na mzazi anawatilia kivuli wanawe, jambo la kawaida kwa ndege wanaotaga mahali pa wazi. Lakini kama ni ndege anayejenga kichakani, uliza kwanza majani yako wapi. Kuna wapiga picha wanaokata au kufunga pembeni matawi yanayoziba kiota ili wapate mandhari safi. Likiondolewa tawi, jua linaingia, na kunguru naye anaona. Hapo picha ya mapenzi ya mama inakuwa picha ya mama anayeziba kwa mwili wake tundu ulilolitoboa wewe.

Nisije nikazidisha upande wa pili. Si kila kinachoonekana kama taabu ni taabu. Ndege aliyelala kifudifudi ardhini, mabawa kayatawanya, mdomo wazi, macho yamelegea, hudhaniwa mgonjwa. Mara nyingi anaota jua tu kwa ajili ya manyoya yake, na akimaliza atajikung'uta na kuruka. Mnandi akisimama na mabawa wazi kama shati kwenye kamba anajianika baada ya kuzamia. Mtu asiyewajua ndege hukosea pande zote mbili: huona furaha penye hofu, na ugonjwa penye starehe.

Hata utulivu wa ndege si ushahidi. Watafiti waliwahi kuwawekea pengwini wanaoatamia mayai bandia yenye vipimo ndani yake, wakasikiliza mapigo ya moyo huku mtu akisogea. Ndege alikaa kimya vile vile, hakuinuka, hakupiga kelele, lakini moyo ulikuwa umeshabadili mwendo. Yule anayeatamia hana anasa ya kukimbia. Tunamwona katulia, tunasema "ametuzoea", tunasogea hatua nyingine mbili.

Tatizo hili si la simu wala la mitandao ya kijamii. Ni la zamani kama ufundi wenyewe. Mwaka 1892 ndugu wawili wa Kiingereza, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota chenye mayai, na mwaka 1895 wakatoa kitabu cha viota kilichopambwa kwa picha za kamera. Kamera za wakati huo zilikuwa masanduku mazito yenye bamba za kioo, na lenzi zao hazikuona mbali. Ilibidi usogee. Kina Kearton wakawaza: kama hatuwezi kumsogelea ndege tukiwa watu, tumsogelee tukiwa kitu kingine. Wakatengenezewa ng'ombe. Ngozi ya ng'ombe halisi iliyojazwa kwa mbao, tumboni uwazi wa kumtosha mtu aliyejikunja, na tundu la lenzi kuchungulia. Unaweza kucheka, nami hucheka kila nikiiona picha yake, lakini ndani ya ng'ombe yule mlikuwa na wazo zito kuliko mengi yaliyofuata: kwamba kazi ya kwanza ya mpiga picha wa ndege ni kutokuwepo.

Enzi hizo hizo Edmund Selous, aliyekuwa akiwinda ndege na kukusanya ngozi zao kisha akachukizwa na uuaji, alianza kuwahimiza wenzake waweke bunduki chini na kuketi kutazama tu, saa baada ya saa, na daftari mkononi. (Nduguye Frederick aliendelea na bunduki, na ndiye jina lake lilibandikwa kwenye pori la akiba maarufu kule Tanzania. Dunia humkumbuka mwenye kelele.) Mwaka 1914 mwanabiolojia Julian Huxley akachapisha uchunguzi wake wa uchumba wa kibisi mwenye shungi, ndege wa majini ambaye dume na jike husimama kifua kwa kifua juu ya maji, majani mdomoni, wakitikisa vichwa. Leo dansi hilo ni miongoni mwa picha zinazowindwa zaidi Ulaya kila majira ya kuchipua. Wangapi kati ya wanaoliwinda wamewahi kulitazama tangu mwanzo hadi mwisho bila kubonyeza kitufe?

Na kuna Eric Hosking, mpiga picha za ndege wa Kiingereza. Mwaka 1937, akirudi usiku kwenye kibanda chake cha kupigia picha karibu na kiota cha bundi, ndege yule alimshukia gizani na kumchoma kucha jichoni. Jicho likaingia maambukizi, likaondolewa. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na aliendelea kupiga picha za ndege maisha yake yote kwa jicho lililobaki. Kisa hiki husimuliwa kama cha ujasiri wa mpiga picha. Mimi hukisoma pia kutoka upande wa bundi. Bundi yule alikuwa akifanya tabia ya asili kabisa, tena ile ambayo hakuna aliyeinasa kwenye filamu.

Sasa njoo kwenye vifaa vya leo. Mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza bunduki ya picha, chombo cha kushika begani kinachopiga fremu 12 kwa sekunde, ili aone bawa linavyokwenda. Mwishoni mwa mwaka 2023 Sony ilitangaza kamera ya fremu 120 kwa sekunde, inayosoma kihisio chote (kile kibamba kinachopokea mwanga ndani ya kamera) kwa mkupuo mmoja, hivyo bawa halipindi kwenye picha. Kamera za siku hizi hutafuta jicho la ndege zenyewe na kuling'ang'ania hata apite nyuma ya matawi. Nyingine huanza kuhifadhi fremu kabla hujabonyeza kitufe hadi chini: ndege akiruka, wewe ukachelewa nusu sekunde kama binadamu yeyote, kamera tayari imeshaiweka nusu sekunde ile.

Ukifikiria vizuri, hivi vyote vingepaswa kumpa ndege nafuu. Shata, kile kifuniko kinachofunguka na kufunga kila unapopiga, haipigi kelele tena. Lenzi ya milimita 600 inamleta karibu bila wewe kusogea. Kihisio kinavumilia giza la alfajiri, kwa hiyo flashi haina ulazima. Fremu za kabla ya kitufe zimeondoa kisingizio cha kumrusha ndege makusudi ili upate picha ya kuruka. Lakini sivyo ilivyokwenda. Kila nafuu tumeitumia kusogea zaidi, kwa sababu sasa picha ya ndege anayejaza nusu ya fremu kila mtu anayo, na inayotafutwa ni ile inayoonyesha kila unyoya wa kope. Kifaa kimeongeza uwezo, tamaa ikaongezeka mara mbili.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wa vifaa hawalisemi. Kamera ya fremu 120 inakupa kilele cha kitendo bila wewe kukijua kitendo. Zamani ilibidi ujifunze kubashiri, maana filamu ya fremu 36 haikuruhusu kubahatisha, na kubashiri kulimlazimisha mtu amtazame ndege mpaka amzoee. Mskoti mmoja, Alan McFadyen, alijulikana mwaka 2015 kwa picha ya mdiria anayegusa maji kwa ncha ya mdomo, taswira yake imepinduliwa chini yake bila hata tone lililoruka. Ilimchukua miaka sita na fremu takriban 720,000. Mtu akisikia idadi hiyo hudhani ni habari ya kamera. Mimi nasikia miaka sita kando ya kijito kimoja.

Kubashiri kwenyewe ndiko raha ya kazi hii, na hakuhitaji lenzi ya bei ya gari. Ndege anayejiandaa kuruka husema mapema. Manyoya yaliyokuwa yamevimba yanabanwa mwilini, umbo linakuwa jembamba. Anainama mbele kidogo, miguu inakunjika. Na wengi, hasa wakubwa kama tai na korongo, hunya kwanza. Wapiga picha wa tai wanaijua ishara hiyo na huifurahia kuliko watu wa kawaida wanavyoweza kuelewa. Upepo nao unasema. Ndege hupenda kuruka na kutua akiukabili. Ukikaa upepo ukikupiga mgongoni na jua likiwa nyuma yako, wanaotua watakuja uso kwa uso nawe, wenyewe, bila kuitwa. Upepo ukivuma kutoka mbele yako utaondoka na picha za mikia siku nzima, na utasema ndege wa pale ni waoga.

Mdiria kabla ya kuzama huchezesha kichwa juu na chini huku macho yameelekezwa mahali pamoja, anapima umbali. Akirudi na samaki atampigapiga kwenye tawi hadi atulie. Halafu angalia samaki ameshikwaje. Kichwa cha samaki kikielekea kooni kwa ndege, anammeza yeye mwenyewe, maana magamba na mapezi hulala vizuri yakipita hivyo. Kikielekea nje, samaki ana mwenyewe: jike anayeposwa, au kinda shimoni. Ukiona kichwa kiko nje na ndege haendi popote, anageuka huku na huku na kutoa mlio mkali mfupi, basi umekaa pabaya. Inuka. Ningekuwa najua habari ya namna hii siku ya kiwavi, nisingefikisha dakika mbili.

Keremkerem naye hampigi nyuki kwenye tawi kwa ajili ya mapambo. Anampiga, kisha anamsugua ile ncha ya tumbo ili sumu na mwiba vitoke. Wengi hunasa pale anapomrusha nyuki hewani ili amgeuze, picha maridadi kwelikweli, lakini ufundi wote wa mlo ule ulishapita sekunde kumi nyuma, kwenye fremu walizozifuta kwa sababu ndege alikuwa ameinamisha kichwa.

Ndiyo maana nadhani tabia haikai kwenye fremu moja. Tabia ina kabla na baada. Kulastara mweusi wa Afrika huinamisha kichwa na kuzungusha mabawa yote mawili mpaka yakutane mbele, akawa mwavuli mweusi juu ya maji; sekunde mbili tatu, anafunga, anapiga hatua, anafungua tena. Picha ya mwavuli peke yake ni kitendawili. Ukiweka tatu mfululizo, mtu ambaye hajawahi kumwona ataelewa kwamba yule anavua.

Sasa chambo. Wahenga walisema mtego bila chambo haunasi, na wapiga picha wengi wamelishika neno hilo kama amri. Picha nyingi za mdiria akizama, zile zenye maji mang'avu na samaki mdomoni kwa pembe ile ile, zimepigwa kwenye beseni au tangi lililozamishwa kijitoni, samaki wadogo wamewekwa ndani, tawi limechomekwa juu yake, kamera imeshalenga hapo hapo. Ndege ni wa porini, anakuja na kuondoka apendavyo. Amerika Kaskazini kuna wanaowarushia bundi wa theluji panya hai walionunuliwa dukani, ili bundi aje moja kwa moja kwenye lenzi, mabawa wazi, makucha mbele. Picha hizo utazitambua haraka: bundi anamtazama mpiga picha, au kitu kilicho miguuni pake, kwenye theluji tupu isiyo na dalili ya windo.

Mimi si wa msimamo mkali katika hili. Mtu anayeweka mbegu na maji bustanini na kupiga picha za wanaokuja, sina ugomvi naye. Ndege hao wana pa kukimbilia, na chakula kile hakiwafundishi kusogelea barabara. Panya wa kurushwa ni jambo jingine, kwa sababu humfundisha mwindaji kwamba binadamu na gari maana yake mlo. Tangi la mdiria liko katikati, na wenye busara watabishana. Nisichokubali ni ukimya. Picha ya tangi iandikwe tangi. Tofauti ya aliyekaa miaka sita na aliyelipia kibanda kwa saa nne si tofauti ya ubora wa picha, maana huenda ya pili ikawa safi zaidi. Ni tofauti ya habari inayotolewa, na msomaji ana haki nayo.

Mashindano yana sehemu kubwa ya lawama. Mwezi Januari 2010 shindano la Wildlife Photographer of the Year, linaloendeshwa na jumba la makumbusho ya viumbe la London, lilimvua taji mshindi wake wa mwaka 2009 kwa picha ya mbwa mwitu akiruka lango. Majaji waliona kuna uwezekano mkubwa mnyama yule alikuwa wa kufugwa, mwenyewe alikana. Tangu hapo waandaaji wengi wamekaza masharti: mafaili ghafi, yale yaliyotoka kwenye kamera kabla ya kuhaririwa, yatolewe, chambo hai marufuku, picha za viotani zikataliwe au zitazamwe kwa shaka. Audubon, shirika la kulinda ndege la Marekani, limeandika miongozo yake ya maadili, na shindano lake linaifuata. Ni hatua nzuri. Lakini faili ghafi linathibitisha tu kwamba hukuchezea picha. Halithibitishi kwamba hukumchezea ndege. Ningekuwa mwandaaji ningeomba fremu ishirini za kabla na ishirini za baada, pamoja na saa zake. Mfuatano huo ungesema mengi. Ungeonyesha ndege aliyekuwa akijisafisha manyoya ghafla akainua kichwa, akabana mwili, akakuelekea. Na jaji yeyote anayewajua ndege angejua ni sekunde ipi mtu alisogea.

Sheria kwa upande wake huweza kidogo. Uingereza sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inafanya kuwa kosa kuwasumbua baadhi ya ndege wakiwa kiotani, mdiria na bundi wa ghalani wakiwemo. Anayetaka kuwapiga picha hapo anahitaji kibali. Ni mpaka wa maana, ila unahusu kiota, na ndege huishi sehemu kubwa ya mwaka nje ya kiota, mahali ambapo polisi pekee ni dhamiri na aibu.

Utetezi ninaousikia zaidi ni huu: "Mimi mmoja, dakika tano, ndege ataumia nini?" Ungekuwa na nguvu kama kweli angekuwa mmoja. Ndege adimu akitangazwa mahali alipo, dakika tano zako huja nyuma ya dakika tano za mwenzako na mbele ya za mwingine, kuanzia macheo hadi machweo, na kila mmoja wao anaondoka akiamini hakusumbua. Hakuna aliyedanganya. Hesabu ndiyo imewaumbua. Kwa ndege mwenye makinda, au wa kuhama aliyetua baada ya safari ndefu akihitaji kula kila saa ya mwanga, kurushwa mara thelathini si usumbufu mdogo uliorudiwa. Ni siku nzima iliyopotea. Ndiyo sababu eBird, jukwaa la mtandaoni ambako watu huandika ndege waliowaona, huficha mahali walipo ndege walio hatarini, na ndiyo sababu mimi hufuta taarifa za mahali kwenye picha za bundi kabla sijamwonyesha yeyote.

Wapo wanaosema picha hizi husaidia uhifadhi, na wana hoja. Mtu hulinda anachokipenda, na wengi wetu tuliwapenda ndege kupitia picha. Zaidi ya hapo, picha zetu za kawaida zimekuwa data: hazina kama ile ya Macaulay katika Chuo Kikuu cha Cornell hupokea picha za watu wa kila aina, na watafiti huzitumia kujua ndege anakula nini, anabadili manyoya lini, amefika wapi. Lakini hoja hiyo hiyo inakata upande wa pili. Kama picha ni data, maelezo yake ni data pia. Ukiandika "uchumba" juu ya kitwitwi anayelia kwa ajili ya mayai yake, umeongeza uongo kwenye ghala la elimu, na uongo wenye picha kali ya kuuthibitisha.

Picha ya kiwavi bado ninayo. Maelezo yake nimeyabadili: "Mzazi akisubiri mpiga picha aondoke. Dakika 23." Walioisifu mwanzo wengine waliudhika, mmoja akaniambia nimeiharibu.

Wiki iliyopita nilikuwa chini ya mti, nimekaa kwenye kiti cha kukunja, kamera bado mfukoni mwake. Nilijiwekea kanuni ya nusu saa bila kuitoa. Chozi mmoja dume alifika karibu, akanipigia mlio wa onyo, akahama, akarudi, akanipigia tena kwa sauti ya uvivu kidogo, kisha akaacha. Dakika ya thelathini na tano hivi alinyonya ua, akafuta mdomo kwenye tawi upande huu na upande huu, akavimbisha manyoya mpaka akawa mpira. Halafu akajikuna kichwa: akashusha bawa, akapitisha mguu juu yake, akakuna nyuma ya jicho kwa kasi ambayo sikuweza kuihesabu. Nilikuwa nimeshainua kamera polepole. Nilipata fremu nne. Mbili zimetikisika, ya tatu tawi limeziba jicho. Ya nne inamwonyesha amefumba macho.